Pikipiki Kuukuu na Kazi Isiyo na Haraka
Hotuba kwa mafundi, madereva wa bodaboda na wapenda pikipiki za zamani

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, madereva wa bodaboda, wanafunzi wa ufundi, na nyote mliokuja kwa sababu mmesikia tu kwamba leo kuna pikipiki za zamani, habari za asubuhi.

Mtu akionekana uani kwake na pikipiki iliyofumuliwa vipande vipande, swali la kwanza huwa moja: "Ukimaliza utaiuza shilingi ngapi?" Hebu tulijibu mapema ili tuendelee na kazi. Jumlisha spea, rangi, kuchonga bloku, nauli za kufuata vifaa, na jioni zote ulizokaa chini na spana. Hata ukiiuza kwa bei nzuri, hela yako hairudi yote. Anayetaka faida anunue pikipiki mpya aiingize barabarani. Tunachozungumza leo ni hobi, na hobi haina hesabu ya jioni.

Lakini hobi hii ina kitu ambacho gereji ya biashara haiwezi kumpa fundi hata akiwa hodari vipi. Gereji ina mteja amekaa kwenye benchi anatikisa mguu. Kijana wa bodaboda ana bosi anayesubiri hesabu yake. Kwa hiyo fundi anafanya kile kinachotosha chombo kitoke. Gasketi ya zamani inarudishwa na kupakwa gundi. Tapeti, yaani mwanya mdogo wa valvu, inarekebishwa kwa sikio. Skrubu iliyoliwa kichwa inapigwa patasi. Simlaumu, mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Sasa fundi huyo huyo mpe pikipiki isiyosubiriwa na mtu. Atapima kitu mara tatu, na kama hajaridhika ataacha hadi kesho. Raha yenyewe ndiyo hiyo. Nitaonyesha inapatikana wapi hasa, kwa kupita kwenye mashine moja kutoka inapookotwa hadi inapowaka.

Mashine niliyoichagua ni Honda CG125. Najua wapo hapa wenye mapenzi na BSA na Triumph za Mwingereza, na ndugu zetu wa Zanzibar watanikumbusha Vespa zao. Zote ni nzuri. Ila ukiwa unaanza, na mfuko wako ni wa kawaida, CG ndiyo mwalimu. Ilitoka mwaka 1976. Brazili ilitengenezwa katika kiwanda cha Manaus tangu mwaka huo huo, na Pelé mwenyewe aliitangaza. Pakistani imeendelea kutengenezwa kwa miongo mingi. Wachina nao wakaichukua injini ile, wakaiiga, wakaisambaza dunia nzima, na ndiyo maana bodaboda nyingi za Kichina zilizoingia Afrika Mashariki zina moyo wa CG. Kijana anayeendesha pikipiki ya Kichina yenye fito mbili za kusukuma valvu pembeni ya silinda amekalia mjukuu wa pikipiki ambayo mzee wake aliiona kwa bwana shamba.

Kwa nini injini hii ilidumu? Honda walikuwa na CB125, ambayo kamshafti yake, ile shafti inayofungua valvu, iko juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, na inazungushwa na cheni ndogo. Injini tamu, lakini inataka oili safi kwa wakati. Katika nchi ambako pikipiki inabeba mizigo kila siku, chujio la hewa halifunguliwi, na oili inabadilishwa ikishakuwa lami, injini kama ile inaumia mapema. Basi kwenye CG kamshafti ikashushwa chini, karibu na kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikazungushwa kwa gia moja kwa moja. Hakuna cheni ya kamu ya kulegea. Na kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya valvu zote mbili: vidole viwili vinaikanyaga kwa zamu, vinasukuma fito mbili, fito zinasukuma roka, vile vipande vinavyobembea juu kwenye hedi, roka zinafungua valvu. Ukiifungua mara ya kwanza unabaki unacheka, kwa jinsi ilivyo rahisi. Pistoni ni milimita 56.5, inatembea milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. CG150 za Kichina zina mwendo ule ule wa 49.5, kilichopanuliwa ni silinda tu, hadi 62.

Sasa tuingie kwenye kununua. Kabla hujaangalia injini, angalia namba. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya fremu, namba ya injini kwenye ubavu wa krankikesi, lile ganda la chini la injini. Zilinganishe na kadi ya usajili, na jina la anayekuuzia. Hapa Tanzania habari za usajili ziko TRA, mamlaka ya mapato, na Kenya ziko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama. Pikipiki iliyolala miaka mingi mara nyingi mwenye kadi amehama au amefariki, na hapo utahitaji warithi wakuandikie. Kama namba imesagwa au imechomelewa juu, ondoka. Usimhurumie muuzaji wala usijihurumie, maana utafufua mashine ambayo hutaweza kuiendesha.

Jambo la pili ni vitu vinavyokosekana, na hapa wengi hukosea. Anayeanza huogopa injini iliyoganda, kumbe injini ya CG ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kupata spea. Kinachokuumiza ni tenki halisi, kava za pembeni, nembo, spidomita, kile kisanduku cha chuma kinachofunika cheni yote kwenye matoleo ya mwanzo. Vitu hivi havimo kwenye maduka ya spea. Kwa hiyo nunua pikipiki iliyo mbovu lakini kamili, uiache ile inayowaka lakini imevuliwa nguo.

Umefika nayo nyumbani. Usiifungue. Ioshe kwanza, halafu ipige picha pande zote, na hasa njia za nyaya na kebo: kebo ya klachi inapita kulia au kushoto ya shingo, waya wa pembe umefungwa wapi. Miezi sita baadaye kichwa chako hakitakumbuka. Kila kundi la nati na bolti liende kwenye mfuko wake wenye maandishi. Na kwa kava za injini chukua boksi la karatasi ngumu, chora umbo la kava, toboa matundu, kila skrubu ichomeke pale ilipotoka. Skrubu za kava hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota chini, wewe unadhani haijakaza, unaongeza nguvu, na kava inapasuka sikio.

Tukiwa kwenye skrubu. Skrubu za Mjapani za wakati ule zina alama ya msalaba, lakini msalaba wake si ule wa bisibisi ya kawaida mliyonayo. Umbo la ndani ni tofauti kidogo, na bisibisi ya kawaida hupanda juu ikikazwa na kula kichwa. Nyingine zina kidoto kidogo kando ya msalaba, hiyo ndiyo alama yake. Tafuta bisibisi inayolingana, au ile ya kugonga kwa nyundo, ambayo kila pigo linaisukuma chini na kuizungusha kwa wakati mmoja. Weka mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Pigo moja zito linashinda vigongo kumi. Mambo haya madogo ndiyo yanayotenganisha kava zilizonyooka na kava zenye makovu.

Injini iliyoganda. Kosa kubwa ni kuisimamia kiki kwa uzito wa mwili. Meno ya shafti ya kiki yatakwisha, na pistoni bado haijasogea. Toa plagi, mimina ndani ya silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyembamba nusu kwa nusu, kikombe kidogo kinatosha, funika tundu, acha siku kadhaa na kila siku ongeza kidogo. Kisha fungua kava ya magneti, lile gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme, upande wa kushoto, weka spana ya boksi kwenye nati ya magneti, jaribu kwa upole upande unaokaza, milimita moja mbele, milimita moja nyuma. Ikisogea hata unywele, umeshinda. Endelea mbele na nyuma, usilazimishe mzunguko mzima. Ikikataa kabisa, toa hedi ili uone adui ni nani: mara nyingi ni kutu upande mmoja wa silinda, ule ambao valvu iliachwa wazi na unyevu ukaingia.

Hedi ikishatoka, silinda inapimwa. Inapimwa kwa geji ya ndani na maikromita, kwenye kina cha juu, cha kati na cha chini, na kila kina pande mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Vipimo sita. Kwa nini sita? Kwa sababu silinda haiishi sawasawa. Inaliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na inaliwa zaidi mbele na nyuma kwa sababu pistoni inasukumwa huko. Ukipima sehemu moja utapata namba nzuri ya kukudanganya. Silinda mpya ni milimita 56.50. Ikifika 56.60 au tofauti ya pande mbili ikiwa kubwa, kuna kuchonga, yaani kuipanua silinda. Pistoni za ovasaizi, zile kubwa kuliko ya kiwandani, huenda kwa hatua ya robo: 0.25, 0.50, 0.75, na 1.00 ndiyo mwisho. Kanuni ni moja: nunua pistoni kwanza, ipeleke pamoja na bloku kwa fundi wa mashine, achonge kwa kuifuata pistoni ile. Ukichonga kwanza ukatafuta pistoni baadaye, utakuta pistoni za 0.50 kutoka viwanda viwili hazilingani, na umebaki na silinda kubwa inayogonga kama kinu.

Pistoni ya Kichina inafaa? Inafaa, ukiilinganisha na ya zamani kabla. Pini yake iwe milimita 15, kimo kutoka pini hadi juu kiwe sawa, na mikato ya valvu iwe pale pale. Kisha ringi. Ingiza kila ringi ndani ya silinda peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mianya. Ukipata kati ya milimita 0.15 na 0.35, endelea. Mwanya ukikosekana kabisa, injini ikipata joto ncha zitagusana, ringi itajikunja na kukwaruza silinda uliyoilipia jana. Herufi iliyo kwenye ringi inaangalia juu. Mianya ya ringi isikae mstari mmoja, igawe kwa theluthi ya duara. Vipini vya kuzuia pini ya pistoni viwe vipya, na kabla ya kuviweka ziba mdomo wa krankikesi kwa kitambaa safi, maana kipini hupenda kuruka, na kikitumbukia chini utafungua injini nzima kukitafuta.

Valvu zisagwe kwa uji wa kusagia mpaka mstari wa kijivu uzunguke wote bila kukatika. Halafu mimina petroli kidogo kwenye chumba cha moto, plagi ikiwa imefungwa, na uangalie matundu ya kuingizia na kutolea moshi. Yakibaki makavu dakika tano, kazi imekubali.

Wakati kava ya kulia iko wazi kwa ajili ya klachi, msisahau kikombe kilicho kwenye ncha ya kranki. CG haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu wa chuma, na ina kikombe hiki kinachozunguka na kurusha uchafu kwenye kuta zake. Pikipiki ambayo haijawahi kufunguliwa utakuta tope jeusi limeganda humo kama ugali wa jana. Likwangue lote. Nundu ya kamshafti na nyuso za vile vidole viwili vinavyoikanyaga ziangalie kwenye mwanga: zikiwa na vishimo, badilisha vyote pamoja. Kidole kipya juu ya nundu iliyochakaa hakichukui muda kuchakaa nacho.

Sasa tenki, na hapa tuzungumze taratibu kwa sababu hapa watu wameungua. Tenki lenye tundu halichomelewi hivi hivi. Hata likikaa wazi mwezi mzima, mvuke wa petroli umejificha kwenye mikunjo. Asiyekuwa na uzoefu asijaribu, apeleke kwa mtu anayejua kulisafisha na kulijaza maji kabla ya moto. Kutu ya ndani ni kazi ya nyumbani. Toa koki, ziba, tia kiganja cha nati ndogo au kipande cha cheni, tikisa, mwaga, hesabu nati zako zote zimetoka. Kisha unga wa asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, jaza hadi shingoni, acha saa 12 hadi 24. Siki ya dukani inafanya kazi pia, ila inataka siku mbili tatu. Mwaga, suuza na maji yenye magadi ya kuokea ili asidi ife, kausha mara moja kwa hewa ya moto. Neno ni mara moja. Chuma kilichotoka kwenye asidi kinarudi rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Kikishakauka, zungusha kikombe cha petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Dawa ya kupaka ndani ya tenki mimi siipendi. Ikipakwa juu ya kutu au unyevu inabanduka vipande, na vipande vinaishia kwenye kabureta.

Kabureta yenyewe usiitoboe kwa waya. Jeti ni tundu lililopimwa, waya wa chuma unalipanua, na kuanzia hapo pikipiki inakula mafuta bila maelezo. Tumia dawa ya kabureta, hewa ya kompresa, na uzi wa nailoni. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu hadi igote huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uitoe. Ukirudisha unaanzia pale pale, na kawaida huwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili. Petroli ikidondoka kwenye bomba la kumwagia, sababu ni sindano ya kiboya haikai vizuri, au kiboya kimeingia petroli. Kitikise sikioni, ukisikia petroli inacheza ndani, kimekwisha.

Umeme wa CG za mwanzo ni volti 6, na mwasho wake ni wa pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Wengi hukimbilia kuubadilisha wote kuwa wa volti 12 wa Kichina. Inawezekana, na kwa anayeendesha usiku kila siku ninaelewa. Lakini kama shabaha ni kuifufua mashine ilivyokuwa, mpe volti 6 nafasi. Taa hafifu za wakati ule mara nyingi hazina kosa ila ardhi mbovu. Kila mahali waya wa ardhi unapogusa fremu, kwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, kaza, pakaa grisi juu. Pointi ziwe safi, mwanya wake milimita 0.3 hadi 0.4. Cheche ikiwa ya njano na nyuso za pointi zinaungua kila wiki, mtuhumiwa ni kondensa. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha kabla hujaanza kulaumu koili.

Breki nitapita haraka, ila kwa onyo moja. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lile usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, futa kwa kitambaa kilicholowa maji na sabuni, ukifunge kwenye mfuko ukitupe. Kitambaa cha kiatu kikibaki milimita 2, kiatu kipumzike. Rimu ikiyumba zaidi ya milimita 2 spoki zikazwe na anayejua, robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Kuhusu rangi tutagombana, najua. Siku hizi pikipiki ya zamani ikifufuliwa inatoka inang'aa kama pikipiki ya maonyesho, kila bolti kromu, tenki vioo. Wengine mnapenda. Mimi naona kama rangi ya kiwandani bado imeshika kwa sehemu kubwa, iachwe. Isuguliwe kwa msasa laini wa 2000 na maji, ipigwe polishi, mikwaruzo yake ibaki. Rangi mpya unaweza kupaka wakati wowote. Ile ya kiwandani ukishaikwangua haipo tena duniani. Kama lazima upake, chuma kisafishwe, praima, msasa wa 400 kisha wa 600, halafu rangi tabaka nyembamba nyembamba. Na walioko Pwani, msipulize rangi asubuhi ya masika. Unyevu unatua juu ya rangi ikiwa bado mbichi, na inakauka ikiwa na ukungu mweupe. Subirini jua la saa tano, upepo ukiwa umetulia. Kromu yenye kutu nyepesi isuguliwe kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, na inatoa kutu ajabu.

Imeunganishwa. Oili inaingia chini kidogo ya lita moja, lakini neno la mwisho ni kijiti cha kupimia. Na iwe oili ya pikipiki, yenye maandishi JASO MA, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, kwenye kopo. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Oili nyingi za kisasa za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo ni nzuri kwa gari, lakini hapa inafanya sahani za klachi ziteleze, na wewe utanunua sahani mpya zisizo na kosa. Kabla ya kuwasha, toa plagi, piga kiki taratibu huku kifuniko cha roka kiko wazi, mpaka uone oili imepanda juu. Ndipo urudishe plagi.

Ikiwaka, usiiache inaunguruma imesimama nusu saa mkiipiga video. Injini hii inapozwa na upepo, na ikisimama haina upepo. Dakika mbili tatu, angalia kama inavuja, kisha iende barabarani. Kilomita 500 za kwanza usiipeleke zaidi ya nusu ya uwezo wake, usiishikilie mwendo mmoja, panda na shuka. Oili ya kwanza imwagwe ikifika kilomita mia hivi. Utaona humo unga unaometa wa ringi na silinda zinazozoeana, na huo haukutishi. Vipande vya kushikika kwa vidole ndivyo vya kukusimamisha.

Sasa mtu ataniuliza, raha iko wapi kwenye vipimo vyote hivi? Namrudisha kwenye tapeti. Fila geji ya milimita 0.08 ni ukanda mwembamba kuliko karatasi ya kitabu. Unauingiza kati ya roka na ncha ya valvu, unakaza skrubu ya tapeti, unauvuta. Ukipita bila kusikia kitu, umelegea. Ukikwama, umebana. Katikati yake kuna mvuto mdogo laini, kama uzi unaopita kwenye nta, na kidole kikishaujua hakiusahau. Halafu unakaza nati ya kufungia, na kwa kukaza tu mwanya unabadilika, unaanza tena. Fundi mwenye mteja anayesubiri hawezi kukubali kuanza tena mara ya nne. Wewe unaweza. Hakuna anayekulipa, na kwa hiyo hakuna anayekuharakisha.

Hobi ya namna hii ina masharti yake. Tenga kiasi cha fedha cha mwezi, na ada ya shule isiguswe. Tenga jioni maalumu, na watu wa nyumbani wazijue, maana spea kwenye beseni la vyombo zimevunja amani ya nyumba nyingi. Fila geji, maikromita na kivuta magneti ni vifaa vya kununua kwa kuchanga, watu wanne watano, vikazunguka. Usivute magneti kwa kugonga nyundo. Sumaku inapoteza nguvu na ncha ya kranki inapinda. Na usifungue mashine ya pili kabla ya kwanza haijawaka. Hilo wengi hapa mnacheka kwa sababu mnajijua.

Vijana wa bodaboda, mmenyamaza sana, na ninyi ndio wenye mtaji mkubwa kuliko wote humu. Injini hii mnaijua gizani. Kilichobaki ni kuipata moja ambayo haidaiwi hesabu.

Mashine iliyoko mezani imepoa tangu jana, na lazima iwe imepoa, maana kipimo cha 0.08 ni cha injini baridi. Kifuniko cha roka kimeshatolewa. Tutazungusha magneti hadi alama ya T ifike kwenye mstari wake, tuhakikishe roka zote mbili zinacheza. Zisipocheza, tuko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, tutazungusha tena mara moja. Fila geji ziko mbili, kwa hiyo sogeeni wawili wawili, aanze ambaye hajawahi kuishika.